Wanjiru: Mwanafunzi wa Sendai aliyeiletea Kenya dhahabu ya marathoni

KAKAMEGA ina sifa ya soka kupitia shule ya upili ya Kakamega High, ambayo timu yake huitwa Green Commandos. Iten nayo hujivunia wakimbiaji wa St Patrick's. Lakini Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki alipikwa katika shule ya mbali zaidi, Sendai Ikuei nchini Japani.

Samuel Kamau Wanjiru alizaliwa Novemba 10, 1986, Nyahururu, akalelewa na mamake katika umaskini. Mnamo 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Sendai, mmoja wa vijana Wakenya waliosomeshwa Japani kwa sababu ya kipaji cha mbio.

Huko shule hushindania ekiden, mbio za barabarani ambapo wavulana 7 hugawana kilomita 42.195 wakikabidhiana mshipi wa kitambaa. Anayelegea huwaangusha wenzake 6. Wanjiru aliisaidia shule yake kutwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 2003 na 2004. Kisha alijiunga na timu ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, mshindi wa nishani ya fedha ya marathoni mjini Barcelona mnamo 1992.

Machi 2007 aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni, dakika 58:33. Agosti 24, 2008, jijini Beijing, wengi walitarajia tahadhari kwa sababu ya joto. Yeye na wenzake wachache walikaza mwendo tangu mwanzo. Alimaliza kwa saa 2:06:32, akafuta rekodi ya Olimpiki ambayo Carlos Lopes wa Ureno aliiweka 1984.

Alikuwa na miaka 21 tu. Ushindi wa London mwaka wa 2009, na wa Chicago mwaka huo na uliofuata, ulimletea fedha nyingi. Hata hivyo, Desemba 2010 jina lake lilitajwa katika habari za mahakama kutokana na ugomvi wa nyumbani.

Alifariki Mei 15, 2011, baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Mzozo kuhusu kifo hicho ulifika mahakamani.

Shule zinazokuza vipaji, zikiwemo za Kakamega, zina funzo hapa. Kijana anayeandaliwa kushinda anahitaji pia kuandaliwa kwa siku atakapokuwa tajiri, mbali na kocha na wanafunzi wenzake.