Maisha ya Bwana Dag Hammarskjöld na Habari za Mamluki wa Katanga

Muhula uliopita, katika Chama chetu cha Midahalo, mimi nilikuwa upande wa wale waliosema kwamba Umoja wa Mataifa haukuifaa Afrika. Nilisimama nikamtaja Bwana Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja huo, nikasema kwamba alikaa akitazama tu wakati Kongo iliporaruliwa na mamluki. Nilipigiwa makofi mengi na upande wetu ukashinda. Baadaye mwalimu wetu wa Historia aliniita kando, akaniuliza kama najua mtu huyo alifia wapi na alikuwa akienda kufanya nini. Sikujua. Mwalimu akanipa vitabu viwili, na Mhariri wa gazeti hili aliposikia akanitaka niandike niliyoyaona humo. Ndiyo haya, wasomaji wapenzi.

Kwanza neno lenyewe. Sisi wanafunzi twalijua neno mamluki kwa habari ya mpira: ni yule mchezaji asiye wa shule, anayeletwa kwa siri siku ya mechi, akavishwa jezi na kuitwa kwa jina la mwanafunzi aliyelala bwenini. (Sitataja shule.) Mamluki wa vita ni ndugu yake, ila mchezo wake ni wa damu. Hupigana katika nchi isiyo yake, si kwa kuipenda wala kwa kutumwa na serikali yake, bali kwa ajili ya mshahara.

Dag Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 Julai, 1905, katika mji wa Jönköping, nchi ya Uswidi. Alikuwa kitinda mimba katika wana wanne. Baba yake, Bwana Hjalmar Hammarskjöld, alikuwa Waziri Mkuu wa Uswidi tangu 1914 hata 1917, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa jimbo la Uppsala, kwa hiyo mtoto alikulia ndani ya ngome ya mji huo. Alisoma Uppsala, akajifunza uchumi na sheria. Alikuwa mtu wa vitabu, mpole, hakuoa, na alipenda kutembea milimani. Tangu 1936 alikuwa mtumishi mkubwa wa wizara ya fedha, kisha mwenyekiti wa baraza la benki kuu ya nchi. Hakujiunga na chama chochote cha siasa.

Sifa hiyo ya ukimya ndiyo iliyompatia kazi. Mwaka 1953 mataifa makubwa yalikuwa yakigombana, yakatafuta mtu ambaye hatamsumbua yeyote. Habari ilipomfikia usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, alidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Haukuwa mzaha. Siku chache baadaye akaapishwa New York, na waliomchagua wakaona upesi kwamba walikuwa wamekosea hesabu. Mwaka 1955 alikwenda Peking kuzungumza juu ya wanahewa 11 wa Kimarekani waliofungwa, na mwaka huo huo wakafunguliwa. Mwaka 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliposhambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, yeye na Bwana Lester Pearson wa Kanada waliunda jeshi la kwanza la kulinda amani la Umoja wa Mataifa.

Mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 alitembelea Afrika, zaidi ya nchi 20. Aliona kwamba mataifa madogo yanayozaliwa ndiyo yenye haja kubwa ya Umoja wa Mataifa, maana mataifa makubwa yaweza kujilinda yenyewe. Fikira hiyo ilipimwa miezi michache tu baadaye, na ilipimwa Kongo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Siku tano baadaye askari wake waliwaasi maofisa wao wa Kibelgiji, na Ubelgiji ikatuma majeshi bila kuitwa. Tarehe 11 Julai Bwana Moïse Tshombe akatangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Katanga, ambayo wenyeji wa miji yake husema Kiswahili, ilikuwa na shaba, kobalti na urani, na kampuni ya Union Minière iliyochimba mali hiyo ilimlipa Tshombe kodi iliyopaswa kwenda kwa serikali ya Kongo. Kwa fedha hizo Tshombe alijenga jeshi. Maofisa wake wengi walikuwa Wabelgiji, kisha wakaja Wafaransa waliotoka katika vita vya Algeria, na Wazungu wa Afrika ya Kusini, Rhodesia na Uingereza. Hao ndio mamluki tunaowasema.

Hapa ndipo penye shida kubwa, na hapa nilipata kigugumizi nilipokuwa nikisoma. Tshombe naye alisema kwamba anatetea haki ya watu wa Katanga kujiamulia mambo yao. Maneno ni yale yale waliyosema wapigania uhuru wote. Lakini haki hiyo ikisimamishwa na bunduki za wageni waliolipwa na kampuni ya wageni, ni ya nani? Wabaluba wa kaskazini ya Katanga walikataa kujitenga, nao wakapigwa na jeshi hilo hilo na vijiji vyao vikachomwa.

Waziri Mkuu wa Kongo, Bwana Patrice Lumumba, aliomba msaada. Bwana Hammarskjöld aliliita Baraza la Usalama kwa haraka, na tarehe 15 Julai askari wa kwanza wa Umoja wa Mataifa wakatua Leopoldville. Walitoka Tunisia, Ghana, Moroko, Uhabeshi, Ireland, Uswidi na kwingineko, na hatimaye wakakaribia 20,000. Lumumba alitaka askari hao waiingie Katanga kwa nguvu. Katibu Mkuu akakataa, akasema kwamba jeshi la amani haliwezi kushika upande katika ugomvi wa ndani. Mwezi wa Agosti alikwenda mwenyewe Elisabethville pamoja na askari wa Uswidi, akazungumza na Tshombe bila kupatana kwanza na Lumumba. Mwezi wa Septemba watumishi wake walifunga viwanja vya ndege na redio ya Leopoldville, jambo lililomwumiza Lumumba kuliko adui zake, kwa kuwa wao walikuwa na redio ya Brazzaville ng'ambo ya mto. Mwisho wa mambo twaujua. Lumumba alikamatwa, akapelekwa Katanga, akapigwa risasi tarehe 17 Januari, 1961, mbele ya maofisa wa Kibelgiji.

Mwalimu wangu atanisamehe, lakini juu ya hili sijageuza mawazo yangu. Nasema bado kwamba Bwana Hammarskjöld alikawia. Ugomvi ulioendeshwa kwa askari wa kukodiwa haukuwa ugomvi wa ndani, na yeye, mwanasheria hodari, alikuwa na uwezo wa kuliona hilo mapema.

Ila sikujua kwamba aliliona baadaye. Tarehe 21 Februari, 1961, Baraza la Usalama lilitoa azimio kwamba maofisa wa kigeni na mamluki waondoke Kongo mara moja, na kwamba nguvu yaweza kutumika, ikiwa ni njia ya mwisho, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alfajiri ya tarehe 28 Agosti askari wa Umoja wa Mataifa huko Katanga walishika posta, redio na nyumba za maofisa, wakaanza kuwakamata wageni hao. Kazi ilikwenda vizuri bila damu. Kisha mabalozi wadogo wa nchi za Ulaya wakaomba waachiwe wawaondoe watu wao wenyewe, na Umoja wa Mataifa ukakubali. Zaidi ya 300 waliondolewa au wakawa wanangoja ndege. Wengine zaidi ya 100 walipotea mjini na porini, na baadhi ya walioondoka wakarudi kwa mlango wa nyuma.

Tarehe 13 Septemba askari wa Umoja wa Mataifa walijaribu tena, na safari hii vita vikawaka. Mamluki walikuwa na ndege moja ya kivita, moja tu, nayo iliwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa kwa kuwa wao hawakuwa na hata moja. Askari 155 wa Ireland walizingirwa Jadotville, wakapigana siku tano mpaka risasi na maji vikawaishia. Bwana Hammarskjöld alifika Leopoldville siku ile ile vita vilipoanza. Akaamua kwenda kuonana na Tshombe ana kwa ana ili risasi zikome. Mahali palipochaguliwa ni Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Jioni ya Jumapili, tarehe 17 Septemba, 1961, aliondoka Leopoldville kwa ndege iliyoitwa Albertina. Kwa kuiogopa ile ndege ya mamluki, rubani alizunguka mashariki kuelekea Ziwa Tanganyika, kisha akashuka kusini, kwa saa nyingi bila kusema katika redio. Saa sita na dakika kumi usiku aliuambia uwanja wa Ndola kwamba anaziona taa. Ndege haikutua. Wakubwa waliokuwa wakimngoja walidhani ameamua kwenda kwingine, taa zikazimwa na watu wakaenda kulala. Saa tisa alasiri ya siku ya pili ndipo serikali iliposema imeiona, msituni, umbali wa maili tisa hivi tu kutoka uwanjani, imeungua. Watu 16 walikuwamo. Mmoja tu alikutwa hai, naye akafa hospitalini siku chache baadaye. Bwana Hammarskjöld alizikwa Uppsala. Mwezi wa Desemba alipewa Nishani ya Amani ya Nobel akiwa amekwisha kufa, katika sherehe ile ile ambayo Chifu Albert Lutuli wa Afrika ya Kusini alipokea ya kwake.

Mwezi wa Novemba 1961 Baraza la Usalama lilikuwa limeruhusu wazi nguvu itumike juu ya mamluki, na Januari 1963 kujitenga kwa Katanga kukaisha. Mamluki hawakuisha. Mwaka 1964 walirudi Kongo, tena wakiitwa na Tshombe, aliyekuwa sasa Waziri Mkuu. Mwaka 1967 waliasi, wakaushika mji wa Bukavu kwa miezi kadhaa. Mwaka 1981 walitua Shelisheli wakijifanya klabu ya walevi waliokuja kustarehe, bunduki wamezificha chini ya midoli ya watoto. Mpekuzi mmoja wa forodha akaiona bunduki moja, mambo yakaharibika. Sheria ilikuja polepole nyuma yao. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitia sahihi mkataba wa kupinga mamluki huko Libreville mwaka 1977. Umoja wa Mataifa ulipitisha wa kwake tarehe 4 Desemba, 1989, lakini ulingoja mpaka 2001 kupata nchi 22 tu za kuutia nguvu, na mataifa makubwa yenye majeshi makubwa hayakujiunga. Tena kifungu chake ni kigumu: ili mtu aitwe mamluki, yapasa kuonyesha kwamba nia yake hasa ni faida, na ni nani awezaye kuingia moyoni mwa mtu? Mwenye kampuni ya ulinzi atasema yeye ni mlinzi.

Sasa nirudi katika msitu wa Ndola, maana jambo moja lilinikosesha usingizi. Walioshuhudia usiku ule walikuwamo wachoma mkaa. Baadhi yao walisema kwamba waliona ndege ya pili, ndogo, na mwanga, kisha ndege kubwa ikaanguka. Tume ya serikali ya Rhodesia haikuyapa uzito maneno yao, ikaandika kwamba rubani alikosea. Tume ya Umoja wa Mataifa ya 1962 ilishindwa kukata shauri. Wale Waafrika hawakusadikiwa.

Baba yangu huchoma mkaa. Ndiyo kazi inayonilipia madaftari na nauli. Likizo iliyopita nilimweleza habari hizi tukiwa porini, nikamwuliza ni vipi mchoma mkaa awe macho saa sita usiku. Alinicheka. Tanuri halilali, na mwenye tanuri halali. Udongo ukipasuka upande mmoja hewa huingia, na kazi ya majuma mawili huwa majivu kwa saa chache. Mtu hukaa akiutazama moshi, kama ni mweupe au umeanza kuwa wa buluu, na kwa kuutazama moshi hutazama mbingu. Hakuna mtu aangaliaye angani usiku kucha kama yeye.

Miaka hamsini ilipita kabla ya watu wa namna hiyo kusikilizwa tena. Tume ya wanasheria iliyotoa ripoti mwaka 2013 iliwafuata waliokuwa bado hai. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaikabidhi kazi hiyo kwa Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa wakati huo Jaji Mkuu wetu. Katika ripoti zake, tangu 2015 hata 2024, alipima ushahidi wao pamoja na karatasi za zamani, akaona kwamba yawezekana kweli ndege ilishambuliwa au kutishwa na ndege nyingine, ijapokuwa haijathibitishwa. Alisema pia kwamba ziko nchi ambazo bado zinashikilia habari zisizotolewa.

Baba aliuliza kama wale wachoma mkaa walilipwa siku walizokwenda barazani kutoa ushahidi, na ni nani aliyewatazamia matanuri yao. Katika vitabu vile viwili sikuona jibu.