Siti binti Saad, Muuza Vyungu Aliyeimba kwa Kiswahili



Jumamosi iliyopita kila mtoto alileta wimbo unaopendwa nyumbani kwao. Tulisikiliza Bongo Fleva, rumba ya Kongo na kwaya. Kisha ukapigwa wimbo mmoja wa taarabu, wa zamani sana, wenye mikwaruzo. Watoto kadhaa wakacheka. Aliyeuleta alikuwa ameuchukua kwa bibi yake, na nilimwona akiinamisha kichwa. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikakosa la kusema. Leo ninalo. Nawasimulia habari za mwanamke aliyechekwa zaidi ya hapo.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, makabila yenye asili ya bara. Walikuwa maskini, na ilikuwa zama za utumwa. Mtoto wao walimwita Mtumwa. Sheria ya kukomesha utumwa Unguja ilipitishwa mwaka 1897, yeye akiwa msichana, lakini jina hilo alikuwa nalo bado.

Hakupelekwa shule. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akajifunza kufinyanga. Vyungu alivitembeza kichwani hadi mjini, huku akiita wateja kwa sauti. Kutoka Fumba hadi Mji Mkongwe ni mbali kuliko kutoka hapa Gulfton hadi katikati ya jiji la Houston, na njia hiyo aliikata kwa miguu. Watu walimsikia kabla hawajamwona. Sauti yake ilianza kufahamika hivyo, katika kuuza vyungu.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na wanamuziki waliomfundisha kuimba kwa kufuata udi, fidla na tari. Kwa kuwa hakujua kusoma, maneno yote aliyahifadhi kichwani. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Watoto, hapa sikilizeni vizuri. Taarabu ilikuwa imeingia Unguja tangu enzi za Sultani Barghash, ikitokea Misri. Iliimbwa kwa Kiarabu, katika jumba la mfalme na kwa wakubwa. Watu wa kawaida waliokaa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walisikia sauti tu bila kuelewa maneno. Siti na wenzake, akina Maalim Shaaban na Subeit bin Ambar, waliimba taarabu kwa Kiswahili. Kiarabu alikiimba pia, na hata Kihindi, lakini lugha iliyompa jina ni ile ya sokoni na jikoni. Aliimba mapenzi, na aliimba mambo yaliyotokea mjini. Wimbo wake uitwao Kijiti ulieleza habari za mtu aliyemuua mwanamke kisha akatorokea bara. Asiyejua kusoma gazeti aliipata habari kwenye wimbo.

Sifa zilipokuja, masimango nayo yakaja. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba ametoka shamba, hana ukoo wala sura, na kilichomwinua ni sauti basi. Wimbo huo ulienea mjini. Siti hakutukana, wala hakujificha. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, akieleza kwamba sura na nasaba hazimfai mtu asiyetumia akili. Hakukana kwamba alikuwa maskini, wala kwamba aliuza vyungu.

Mwaka 1928 yeye na kikundi chake walipanda meli kwenda Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai, kurekodi santuri na kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa mbele ya gramafoni. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo zake. Santuri zilisambaa pwani na bara. Kwenye vibanda vya kahawa watu walizunguka gramafoni moja, wakasikia lugha yao wenyewe ikitoka ndani ya mashine. Kwa wengi hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Kabla hajafariki, Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa, alizungumza naye, kisha akaandika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Hivyo binti ambaye hakusoma shule akawa kitabu kilichosomwa shuleni. Alifariki Julai 1950. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na wengine, hasa Bi Kidude, aliyeishi hadi mwaka 2013.

Wazazi, najua ninyi na watoto wenu mnayopitia hapa mjini. Mtoto huchekwa shuleni kwa matamshi yake, kwa jina lake, kwa chakula alichobeba. Akirudi nyumbani unamsemesha Kiswahili, anajibu Kiingereza. Wangu mwenyewe hufanya hivyo. Tusiwagombeze. Tuwape sababu ya kujivunia, na nyimbo ni sababu nzuri. Mikwaruzo mnayoisikia ni ya santuri iliyochezwa mara nyingi kwa sababu ilipendwa.

Kazi ya nyumbani: kila mtoto amwombe mama, baba, bibi au babu wimbo mmoja aliokuwa akiupenda alipokuwa na umri wake. Muulize aliusikia wapi, na nani alikuwa naye. Andika sentensi tano kwa Kiswahili, uje uzisome Jumamosi. Iwe taarabu, rumba, dansi au kwaya, zote karibu.

Na wewe uliyeleta wimbo wa bibi, uje nao tena. Tutaanza na huo.

Mwalimu wenu wa Jumamosi