Tom Mboya: Sura ya Mkenya ambayo sinema hazikuonyesha

TOM Mboya alipoanza ziara yake ya kuhutubu nchini Marekani Aprili 1959, Mkenya aliyefahamika na wengi huko alikuwa yule wa sinema: ama ameshika panga gizani, ama amesimama kimya akisubiri amri ya bwana.

Filamu tatu kuhusu vita vya Mau Mau zilikuwa zimetoka kwa kufuatana: Simba (1955), Safari (1956) na Something of Value (1957). Katika zote, hadithi ni ya Mzungu, na hata nafasi kubwa za Waafrika hawakupewa Wakenya. Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda, aliigiza katika mbili za kwanza. Katika ya tatu, Mkikuyu Kimani aliigizwa na Sidney Poitier, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Bahamas. Ni haki kusema kwamba Poitier alimpa Kimani utu na uchungu, ila mwandishi wa hadithi alimwangamiza mtegoni.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, ambako babake, Leonard Ndiege, alikuwa ameajiriwa katika shamba la mkonge. Kwao hasa kulikuwa Kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria. Alisomea Kabaa, akaenda St Mary's Yala huko Nyanza, kisha Mang'u. Umaskini ulipomkatiza masomo, alifunzwa kazi ya ukaguzi wa afya.

Siku moja mwaka wa 1951, kijana huyo alikuwa peke yake kazini jijini Nairobi akipima maziwa. Mwanamke Mzungu aliingia, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hamkuwa na mtu. Mboya, aliyekuwa mbele yake, alimwuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake, Freedom and After. Pengine hakuna kinachoeleza zaidi kasoro ya sinema zile: Mwafrika yumo kwenye picha, lakini hahesabiwi.

Kupanda kwake kulikuwa kwa kasi. Aliongoza vyama vya wafanyakazi tangu 1953, akasoma Oxford, akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957, na Desemba 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika jijini Accra. Alipofika Marekani alikuwa na umri wa miaka 28. Katika kipindi cha televisheni cha Meet the Press, aliketi mbele ya wanahabari na kuwajibu mwenyewe, bila mkalimani wala mtetezi.

Alichokitafuta ni nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Waraka wa kuomba michango ya nauli ulitiwa saini na mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na Poitier, yule yule aliyekuwa Kimani. Septemba 1959, ndege ya kwanza iliwabeba wanafunzi 81. (Barack Obama Mkubwa wa Kogelo, kinyume cha inavyosimuliwa mara nyingi, hakuwemo, alifika Hawaii kwa njia nyingine.) Pamela Odede, aliyefunga ndoa na Mboya mwaka wa 1962, alisomea Ohio kupitia mpango huo.

Machi 1960, jarida la Time lilichapisha sura yake kwenye jalada. Umaarufu huo ulikuwa na gharama. Nyumbani, wafuasi wa Oginga Odinga walimwona kuwa kipenzi cha Wamarekani, na shaka hiyo ilimfuata hadi alipokuwa waziri katika serikali huru. Shutuma hiyo haikumtendea haki kikamilifu: mamia ya vijana waliosoma hawakuwa mali ya Marekani.

Aliuawa kwa risasi Julai 5, 1969, katika barabara ya Government Road, Nairobi, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Msafara wa jeneza ulipitia Kisumu, mji ambao baadaye ulipata chuo cha wafanyakazi chenye jina lake, ukielekea Rusinga. Huko kisiwani, jengo lililo juu ya kaburi lake lina umbo la risasi.