Hayati Dave Arneson: mtu wa St. Paul aliyehamishwa kwenye ramani yake mwenyewe

Na Mwandishi Wetu, Columbia Heights, Minnesota

WATOTO wetu wanaokulia huku Marekani wana mambo yao ambayo sisi wazazi hatuyajui. Jumamosi moja nilirudi kutoka kazini, hapa Columbia Heights, nikakuta vijana watano wameizunguka meza ya sebuleni. Mmoja ni wangu, wengine ni rafiki zake: wawili Wasomali, mmoja Mkenya na mmoja mwenyeji wa hapa hapa. Juu ya meza kulikuwa na penseli, dadu zenye pande ishirini, sahani ya sambusa iliyokwisha kumalizwa, na ramani kubwa yenye milima, mito na miji. Nikauliza ni ramani ya nchi gani. Wakacheka. Ilikuwa ramani ya nchi isiyokuwapo.

Ndugu msomaji, mchezo ule unaitwa Dungeons & Dragons, na unachezwa karibu dunia nzima. Nilipoanza kuuchunguza niligundua kwamba mmoja wa watu wawili waliouasisi alikuwa jirani yetu. Alikulia St. Paul, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka hapa nilipo. Jina lake ni David Lance Arneson. Maisha yake yanaweza kusimuliwa kwa kufuata ramani moja tu, ya nchi aliyoibuni yeye na kuiita Blackmoor. Kila ilipochapishwa upya ilitoka na sura nyingine au ikawekwa mahali pengine, na kila badiliko linatuonyesha nani alikuwa ameshika kalamu wakati huo.

Besimenti ya St. Paul

Arneson alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1947 katika wilaya ya Hennepin, ambamo ndimo lilimo jiji la Minneapolis. Akiwa bado kijana, wazazi wake walimnunulia mchezo wa mezani uliohusu vita vya Gettysburg, na tangu hapo michezo ya vita haikumtoka tena kichwani. Baadaye alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akajiunga na kundi la vijana wa hapa waliokuwa wakipanga vikosi vya askari wadogo mezani na kurudia vita vya zamani, kila mmoja akiwa jenerali wa jeshi lake.

Mwaka 1969 mwenzao mmoja, David Wesely, alibuni kitu kipya. Badala ya kumpa mchezaji jeshi zima, alimpa mtu mmoja: meya wa mji, au mwanafunzi, au ofisa wa jeshi, katika mji wa kubuni wa Kijerumani ulioitwa Braunstein. Kila mtu alikuwa na shabaha yake na siri zake. Wesely alipoitwa jeshini, Arneson aliendeleza wazo lile kwa njia yake.

Mwaka 1971, katika besimenti ya nyumba ya wazazi wake, Arneson aliweka mezani ngome ndogo ya plastiki, ya zile za kuunganisha kwa gundi, na chini ya ngome hiyo akachora mahandaki kwa penseli. Rafiki zake waliofika wakitarajia vita vya kawaida walijikuta wameambiwa washuke gizani, kila mmoja na mtu wake mmoja, wakutane na majini na mazimwi. Refa alieleza wanachokiona, wao wakasema wanachofanya, dadu ikaamua. Mtu aliyenusurika alirudi wiki iliyofuata akiwa na nguvu zaidi. Kipimo cha uhai, yaani mhusika kustahimili mapigo kadhaa kabla ya kufa, Arneson alikitoa kwenye kanuni zake za vita vya meli, ambako meli haizami kwa kombora moja.

Hiyo ndiyo Blackmoor ya kwanza: ngome, mji mdogo chini yake, na karatasi zilizoongezeka kadiri wachezaji walivyotembea. Ramani ilikuwa ya mchoraji na wenzake, na ilibadilika kwa sababu ya yale yaliyotokea mezani. Mwaka 1972 lilitokea jambo ambalo mimi kama mkimbizi sikuweza kulipita hivi hivi. Mashujaa wa Blackmoor walishindwa kuulinda mji wao, ukatekwa na maadui, nao wakapelekwa uhamishoni kwenye ziwa la mbali lililoitwa Loch Gloomen. Ramani ikabidi ipanuke ili iwafuate. Kwa maeneo ya pori, Arneson alitumia ubao wa mchezo mwingine kabisa, Outdoor Survival wa kampuni ya Avalon Hill, uliokuwa umetengenezwa kufundisha namna ya kuishi porini.

Kitabu kinatoka, ramani haimo

Arneson alikuwa amekutana na Gary Gygax mwaka 1969, kwenye mkutano wa wapenzi wa michezo huko Lake Geneva, katika jimbo jirani la Wisconsin. Gygax alikuwa na familia kubwa, na kwa muda alijipatia riziki kwa kutengeneza viatu nyumbani. Aliongoza chama kilichokuwa na ramani ya ufalme wa kubuni, ambamo wanachama walijitwalia majimbo. Blackmoor ilichukua nafasi yake kama jimbo la kaskazini. Gygax pia alikuwa ameandika, akishirikiana na Jeff Perren, kanuni za vita vya enzi za kati zilizochapishwa mwaka 1971, na Arneson alikuwa amezijaribu kwenye michezo yake.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1972 kuelekea 1973, Arneson alisafiri hadi Lake Geneva na kumwonyesha Gygax mchezo wake. Gygax alivutiwa mno. Arneson alimtumia maelezo yake, ambayo yalikuwa yametawanyika, kwa kuwa kanuni nyingi alikuwa nazo kichwani. Gygax alikuwa mwandishi mwepesi na mpangaji mzuri, akaketi mbele ya taipureta. Mwezi Januari 1974 mchezo ulitoka ukiwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 kwa bei ya dola 10, ukiwa na majina mawili: Gygax na Arneson.

Lakini ramani ya Blackmoor haikuwamo. Mnunuzi aliyetaka kutembea nje ya mahandaki alishauriwa kujipatia ule ubao wa Outdoor Survival. Mazoea ya besimenti ya St. Paul yalikuwa yamegeuka kanuni kwa watu wote, ila nchi yenyewe ilikuwa imebaki nyuma.

Mwaka uliofuata, 1975, kilitoka kitabu cha nyongeza kilichoitwa Blackmoor. Jina lilikuwa kwenye jalada, na ndani yake mlikuwa na kisa cha Arneson juu ya hekalu la chura, kilicho na ramani za hekalu hilo. Ramani ya nchi haikuonekana tena. Msomaji alinunua kitabu chenye jina la nchi, asioneshwe nchi yenyewe ilipo.

Arneson alihamia Lake Geneva mwanzoni mwa mwaka 1976 kufanya kazi katika kampuni ya TSR, iliyokuwa ikiuchapisha mchezo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondoka.

Nchi moja, sura nyingi

Ramani ya Blackmoor ilipata kuchapwa mwaka 1977, na waliofanya hivyo hawakuwa TSR. Kampuni ya Judges Guild ya Decatur, Illinois, ilikusanya maandishi ya Arneson katika kitabu The First Fantasy Campaign. Humo wasomaji waliona kwa mara ya kwanza mambo yalivyokuwa: ngome, mji, Loch Gloomen, majeshi na gharama zake, mambo ya miaka kadhaa yaliyorundikwa bila mpangilio mkubwa. Ramani ilikuwa kubwa ya kukunja, yenye vijumba vya pembe sita kama sega la nyuki, kwa mtindo wa ramani nyingine za kampuni hiyo. Nchi ilikuwa ya Arneson, lakini ilivaa sare ya mchapishaji.

Wakati huohuo TSR ilianza kutoa toleo jipya la mchezo, lililoitwa Advanced, kwa vitabu vilivyotoka mmoja mmoja kati ya 1977 na 1979. Mwandishi aliyetajwa kwenye vitabu hivyo alikuwa Gygax peke yake. Kampuni ilishikilia kuwa huo ni mchezo mwingine, na kwa hiyo Arneson hakustahili mrabaha. Mwaka 1979 Arneson alikwenda mahakamani.

Kesi ikiwa inaendelea, mwaka 1980 Gygax alitoa ramani ya dunia yake mwenyewe, Greyhawk, yenye rangi na iliyochorwa vizuri sana na msanii Darlene. Ukiitazama kule juu kaskazini, karibu na barafu, utaliona jina Blackmoor. Gygax alilihifadhi jimbo la siku za chama chao, na si haki kumnyima shukrani kwa hilo. Hata hivyo nchi ambayo mchezo ulizaliwa ndani yake ilikuwa sasa pembe ndogo katika dunia ya mtu mwingine.

Shauri lilimalizika mwaka 1981 kwa mapatano nje ya mahakama. Arneson alithibitishiwa kutajwa kuwa mmoja wa waasisi, na mrabaha wake. Alianzisha kampuni yake ndogo hapa St. Paul, lakini haikudumu miaka mingi.

Katikati ya miaka ya 1980 Gygax alimkaribisha tena. Kati ya 1986 na 1987 TSR ilitoa vitabu vinne vya Blackmoor; vitatu vya kwanza Arneson aliviandika pamoja na David Ritchie, na cha nne aliandika Ritchie peke yake. Ramani ilirudi, lakini angalia ilikowekwa. Safari hii haikuwa pembeni mwa dunia. Ilikuwa katika zama za kale. Blackmoor ilifanywa kuwa ustaarabu uliostawi maelfu ya miaka nyuma katika dunia nyingine ya TSR, kisha ukateketea kwa maarifa yake wenyewe. Mchezaji aliyetaka kuifikia ilimbidi apite kwenye nyumba ya wageni yenye mazingaombwe imrudishe nyuma. Kwenye ramani ya nyakati za kawaida za dunia hiyo, Blackmoor haikuwapo. Gygax naye aliondolewa katika kampuni aliyoianzisha, na baada ya kitabu cha nne mfululizo ule ukakoma.

Miaka iliyofuata Arneson aliishi California, akawa anatembelea shule na kutumia michezo hii kuwafundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Baadaye alifundisha ubunifu wa michezo katika chuo cha Full Sail, Florida, hadi mwaka 2008. Mwaka 2004, kupitia kampuni ya Zeitgeist Games aliyoshiriki kuianzisha, Blackmoor ilitoka tena, ikiwa nchi inayosimama yenyewe, na jina la Dave Arneson likiwa ndani ya jina la kitabu. Ilikuwa imepita miaka 33 tangu ile ngome ya plastiki.

Gygax alifariki Machi 2008. Arneson alimfuata tarehe 7 Aprili 2009, hapa Minnesota, kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 61. Aliacha binti mmoja na wajukuu.

Funzo kwetu

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu. Mwaka 1856 ilichapishwa Ulaya ramani ya bara letu iliyotayarishwa na wamisionari Erhardt na Rebmann, ikionyesha ziwa moja kubwa mno katikati, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Walikuwa wamekusanya habari kutoka kwa watu wa misafara waliofika pwani. Watu wale walizungumza juu ya maziwa matatu, mchoraji akayafanya moja. Miaka miwili baadaye Burton na Speke walipofika, ramani ikaanza kusahihishwa, na kila toleo lilibeba majina ya wazungu waliolitoa. Waliotembea njia ile kwanza na kuieleza hawakuandikwa.

Nami nina langu dogo. Baada ya kukimbia nyumbani niliwahi kusoma makala yangu, yaliyochapwa tena katika gazeti ambalo sitalitaja, bila jina langu. Maneno yalikuwa yaleyale. Ndipo nilipoelewa kwa nini mtu anaweza kutumia miaka miwili mahakamani kwa ajili ya mstari mmoja kwenye jalada. Fedha ni sehemu ya shauri, lakini si yote.

Kosa la Arneson, kama ni kosa, lilikuwa kuweka mambo mengi kichwani na machache kwenye karatasi. Aliyeandika ndiye aliyeonekana. Ni kosa ambalo wazee wetu wengi wamelifanya, na wengi wetu tulioko huku tunaendelea kulifanya.

Jumamosi iliyofuata vijana walirudi na ramani yao. Ilikuwa na mto mpya, na mji mmoja ulikuwa umefutwa. Sikuwauliza kwa nini. Niliwaambia tu waandike majina yao matano kwenye pembe ya chini, na tarehe. Waliniona mzee msumbufu, lakini waliandika.