Ferdinand Porsche (1875–1951): mbunifu wa gari mseto na mabwana aliowatumikia

Wapenzi wa magari wanapozungumzia gari mseto, yaani gari linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, wengi huanzia Japani mwaka 1997, Toyota ilipotoa Prius. Ni kweli kwamba Prius ndiyo gari mseto la kwanza kutengenezwa kwa wingi. Lakini wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kupata karibu miaka mia moja. Gari la namna hiyo lilitembea Vienna mwaka 1900, na aliyelibuni alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, mtoto wa fundi wa mabati, ambaye jina lake leo tunalisoma kwenye magari ya matajiri: Ferdinand Porsche.

Makala haya yanafuata maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, yanatuonyesha kwamba gari mseto lilizaliwa kutokana na tatizo ambalo mafundi wa leo bado wanahangaika nalo. Pili, yanatuwekea mbele swali ambalo halimwachi msomi yeyote, hata sisi tunaosoma lugha: je, mtu mwenye ujuzi anaweza kufanya kazi yake vizuri bila kuuliza anamfanyia nani?

Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, kaskazini mwa Bohemia. Siku hizo Bohemia ilikuwa sehemu ya milki ya Austria na Hungaria. Leo kijiji hicho kiko Ucheki na kinaitwa Vratislavice. Baba yake, Anton, alikuwa na karakana ya mabati. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alipofariki kwa ajali ya kazini, baba alitazamia kwamba Ferdinand ndiye angerithi nyundo. Mchana kijana alifanya kazi na baba yake, na jioni alikwenda shule ya ufundi katika mji wa jirani wa Reichenberg. Kilichomvutia hasa ni umeme, kitu kipya wakati huo. Kijijini mwao kilikuwapo kiwanda cha mazulia kilichowaka taa za umeme, na baada ya muda kijana huyo aliweka taa kama hizo nyumbani kwa wazazi wake. Baba, ambaye mwanzoni hakupendezwa na mchezo huo, mwishowe alikubali aondoke.

Mwaka 1893 alifika Vienna na kuajiriwa na kampuni ya vifaa vya umeme ya Béla Egger. Hakuwa na shahada wala njia ya kuipata. Baada ya kazi alijipenyeza katika mihadhara ya chuo cha ufundi cha Vienna bila kuandikishwa kuwa mwanafunzi. Zaidi ya hapo hakupata masomo ya juu. Hata hivyo, kwa miaka michache alipanda hadi kuongoza idara ya majaribio katika kampuni yake, na huko ndiko alikobuni mota ndogo ya umeme inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kwa mota hiyo, gari halikuhitaji gia, mnyororo wala mkanda wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Gurudumu lilijiendesha lenyewe.

Ludwig Lohner, ambaye kampuni yake ilikuwa ikitengeneza magari ya farasi kwa ajili ya jumba la kifalme, aliona kwamba enzi ya farasi inakwisha. Hakupenda kelele na moshi wa injini za petroli, akamchukua Porsche amtengenezee gari la umeme. Gari lao lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris mwaka 1900, na watu walilistaajabia. Lilikuwa kimya, lilikuwa safi, na kila gurudumu la mbele lilikuwa na mota yake.

Lakini lilikuwa na ugonjwa mmoja: betri. Betri za risasi za gari hilo zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400, na gari lilikwenda kilomita 50 hivi kabla ya kuhitaji kujazwa umeme tena. Ukiongeza betri ili gari lifike mbali, unaongeza uzito. Ukiongeza uzito, gari linakula umeme zaidi. Mteja mmoja wa Uingereza aliagiza gari lenye mota katika magurudumu yote manne, na betri zake peke yake zilikaribia tani mbili. Kwa njia hiyo hapakuwa na mahali pa kufika.

Jibu la Porsche lilikuwa kupunguza betri na kubeba mtambo wa umeme ndani ya gari. Aliweka injini mbili ndogo za petroli, na kila moja ilizungusha dinamo yake. Dinamo zilitoa umeme, umeme ukaenda kwenye mota za magurudumu, na uliobaki ukaingia katika betri. Injini hazikuunganishwa na magurudumu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuzalisha umeme tu. Dinamo hizo hizo, zikipewa umeme kutoka kwenye betri, ziligeuka kuwa mota na kuwasha injini, hivyo dereva hakuhitaji kuzungusha mkono wa chuma. Gari hilo la majaribio liliweza kwenda kilomita 200 hivi. Porsche aliliita kwa Kilatini Semper Vivus, maana yake lililo hai daima: hata injini zikizimwa, gari bado linatembea.

Gari lililofuata, lililoandaliwa kwa wanunuzi, liliitwa Mixte. Sisi tunaosoma katika nchi inayotumia Kifaransa hatuhitaji kamusi hapo. Ni neno lile lile tunaloliita kwa shule yenye wavulana na wasichana. Neno letu mseto linabeba maana iliyo karibu nayo, kwa kuwa asili yake ni jikoni, mahali ambapo nafaka na kunde hupikwa katika chungu kimoja na kila kimoja huchangia ladha yake. Mixte lilikuwa na injini moja kubwa mbele na betri ndogo. Lilifanya vizuri katika mashindano, na mwaka 1902, alipokuwa akitumikia jeshi, Porsche alimwendesha ndani ya gari la namna hiyo mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, yule ambaye kuuawa kwake mwaka 1914 kuliwasha vita vya kwanza vya dunia.

Hata hivyo, gari mseto halikupata soko. Bei yake ilikuwa juu, magurudumu yake yalikuwa mazito, na matengenezo yake yalidai fundi anayejua injini na umeme pia. Wakati huo gari la petroli lilikuwa likishuka bei na kuimarika mwaka hata mwaka. Mwaka 1906 Porsche alimwacha Lohner akaenda Austro-Daimler katika mji wa Wiener Neustadt, na huko alitengeneza magari ya petroli yenye mbio. Mwaka 1910, katika mashindano ya Prinz Heinrich, magari yake yalishika nafasi tatu za kwanza, na lililoongoza aliliendesha mwenyewe.

Hapo ndipo msomaji angedhani kwamba wazo la mseto limekufa. Halikufa, lilipata mteja mwingine, naye ni jeshi. Katika vita vya 1914–1918 Porsche alibuni msafara wa magari ya kuvuta mizinga mizito ya Austria. Gari la mbele lilikuwa na injini na dinamo, na umeme wake ulipelekwa kwa waya mpaka kwenye mota za mabehewa yaliyofuata. Ilikuwa ni kanuni ile ile ya Semper Vivus, safari hii ikibeba mauti. Mwaka 1917 chuo cha ufundi cha Vienna kilimpa udaktari wa heshima. Ndicho chuo alichokuwa akiingia kwa kujipenyeza.

Baada ya vita alihamia Stuttgart mwaka 1923 kuwa mkuu wa ufundi wa Daimler, ambayo mwaka 1926 iliungana na Benz. Alijulikana kwa ubunifu, na pia kwa hasira na kwa kutojali gharama, jambo lililomgombanisha na mabwana wake mara kwa mara. Mwaka 1931 alifungua ofisi yake mwenyewe ya uchoraji wa magari mjini humo. Waliosimama naye walikuwa mkwewe Anton Piëch, mwanasheria, na Adolf Rosenberger, dereva wa mashindano aliyetoa fedha wakati ofisi ilipokuwa na njaa.

Mkono mtupu haulambwi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 mikono mingi Ulaya ilikuwa mitupu. Uliojaa ulikuwa wa Hitler, aliyeshika serikali Januari 1933. Alitaka gari la watu wote litakalouzwa kwa chini ya mark 1000, na Juni 1934 ofisi ya Porsche ilipewa mkataba wa kulibuni. Ndilo gari lililokuja kuitwa Kombamwiko au Mende katika lugha nyingi, na Coccinelle kwa Kifaransa. Rosenberger alikuwa Myahudi. Mwaka 1935 alipoteza hisa zake kwa bei ndogo kuliko thamani yake, na mwaka huo huo alikamatwa na kufungwa katika kambi ya Kislau kabla ya kuhamia ng'ambo. Porsche aliendelea na kazi. Mwaka 1937 aliingia katika chama cha Nazi, na baadaye alipewa cheo katika SS.

Jiwe la msingi la kiwanda cha gari hilo liliwekwa Mei 1938. Wajerumani zaidi ya laki tatu walilipa kidogo kidogo kwa kubandika stempu katika daftari, wakitumaini kupata gari. Hakuna hata mmoja aliyelipata kwa mpango huo, kwa maana vita vilianza mwaka 1939 na kiwanda kikageuzwa kutengeneza magari ya jeshi na silaha. Watu wapatao 20,000 walifanyishwa kazi humo kwa nguvu: raia wa Poland na wa Muungano wa Kisovieti, mateka wa vita, wafungwa wa kambi. Watoto waliozaliwa na wanawake hao walinyang'anywa mama zao na kuwekwa katika nyumba ambamo zaidi ya 300 walikufa kwa kukosa matunzo. Kiwanda kiliongozwa na Piëch pamoja na Porsche, na Porsche mwenyewe alishirikiana na wakuu wa SS ili kupata wafungwa wa kufanya kazi.

Katika miaka hiyo alirudia tena wazo la ujana wake. Alibuni kifaru kizito ambacho injini zake za petroli zilizungusha dinamo, na dinamo zikaendesha mota za umeme. Mwaka 1942 kilishindanishwa na kile cha kampuni ya Henschel, kikashindwa: injini zilichemka na kuharibika, na mfumo wa umeme ulidai shaba nyingi ambayo Ujerumani haikuwa nayo. Shaba ya Katanga, iliyochimbwa na babu zetu, ilikuwa ikienda upande wa pili wa vita. Mabodi takriban 90 yaliyokuwa tayari yaligeuzwa kuwa magari ya kupiga vifaru, yakapewa jina Ferdinand, na Julai 1943 yalipelekwa Kursk. Kijana aliyeita gari lake la kwanza la mseto lililo hai daima, alipofika uzee jina lake mwenyewe liliandikwa juu ya chombo cha kuua.

Mwishoni mwa 1945 Wafaransa walimkamata pamoja na mkwewe. Walimweka Paris, ambako aliulizwa maoni juu ya gari dogo la Renault, kisha gerezani Dijon. Alitoka Agosti 1947 kwa dhamana, iliyopatikana kwa kazi ambayo mwanawe Ferry aliifanya kwa kampuni ya Kiitalia. Hatimaye hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Mwaka 1948, katika kijiji cha Gmünd nchini Austria, Ferry alitoa gari la kwanza lenye jina la Porsche, lile la 356. Mwishoni mwa 1950 mzee alikwenda Wolfsburg na kuona kiwanda chake kikitoa yale magari madogo kwa wingi. Muda mfupi baadaye alipata kiharusi, akafariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951. Gari hilo liliendelea kutengenezwa hadi 2003, nchini Mexico, na idadi yake ilipita milioni 21.

Wapo wanaomtetea wakisema alikuwa fundi tu, mtu asiyejua siasa. Utetezi huo una ukweli nusu. Ni kweli kwamba hakuacha hotuba za chama, na kwamba alizungumza na mfalme, jenerali na dikteta kwa namna moja: aliwaomba kiwanda, fedha na watu. Lakini kuomba watu kutoka kambi ya wafungwa si jambo la ufundi. Kumwona mwenzako aliyekukopesha akitolewa nje kwa sababu ya ukoo wake, kisha kuendelea kuchora, nalo si jambo la ufundi. Kutouliza kulikuwa uamuzi wake, na wengine walilipa gharama yake.

Jambo hili linatugusa hapa Kongo kwa karibu. Tatizo la betri lililomsumbua mwaka 1900 leo linatatuliwa kwa lithiamu na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika ardhi yetu, nyingine ikichimbwa kwa mikono ya watu wasio na kofia wala mkataba. Mpenzi wa magari ana haki ya kufurahia ufundi wa gari mseto, na Porsche anastahili sifa ya kuliwaza kabla ya wakati wake. Sifa hiyo tumpe. Lakini tunaposifu gari, tujifunze pia kuuliza swali ambalo yeye hakuliuliza: ni mikono ya nani iliyolifanya, na kwa masharti gani?