Bibi Florence Nightingale na Miaka Yake ya Kitandani

Kila mwaka tarehe 12 Mei wauguzi wa dunia nzima huadhimisha siku aliyozaliwa Bibi Florence Nightingale, nasi wengi tumwazapo twamwona mwanamke kijana ameshika taa, akipita usiku kati ya vitanda vya askari. Picha hiyo ni ya kweli. Lakini kazi ile ya vitani haikutimiza hata miaka 2, naye aliishi miaka 90. Vitabu vya shule tulivyovitumia zamani viliiacha habari yake pale pale penye taa, kana kwamba baada ya hapo alirudi kwao akastarehe. Hakustarehe, wala hakuwa mzima. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya akiwa mgonjwa, amelala kitandani au kwenye kochi, na uchovu wake haukwisha kwa kulala. Habari hii twaisimulia kwa sababu mtaani mwetu wako watu waamkao asubuhi wamechoka kama waliolima usiku kucha. Wengine wana selimundu, mmoja mmoja ana ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao multipo sklerosisi, na wengine hawajaambiwa ni nini. Kwa kuwa hawana bandeji wala gongo, huitwa wavivu.

Florence alizaliwa mwaka 1820 huko Italia, katika mji ambao wazazi wake walimpa jina lake. Walikuwa Waingereza matajiri, nao hawakutaka kabisa awe muuguzi, kwani siku zile kazi hiyo ilidharauliwa. Alivumilia miaka mingi kabla ya kupata ruhusa ya kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, kujifunza kwa mashemasi wa kike. Vita vya Krimea vilipoanza, waziri Sidney Herbert, rafiki yake, alimwomba aende Uturuki pamoja na wanawake 38. Walifika Scutari mwezi wa Novemba 1854. Mambo aliyoyakuta huko yajulikana: uchafu, chawa, askari wakifa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi.

Mwezi wa Mei 1855 alivuka bahari kwenda Balaclava kukagua hospitali za huko. Hapo alishikwa na homa kali, akanyolewa nywele, na watu wakakata tamaa juu yake. Alipona kwa kadiri, akakataa kurudishwa kwao, akaendelea na kazi mpaka vita vilipokwisha mwaka 1856. Baada ya kurudi Uingereza alijitosa katika kazi ya kuchunguza kwa nini askari wengi vile walikufa. Mwezi wa Agosti 1857, akiwa na umri wa miaka 37, alianguka. Moyo ulimwenda mbio, pumzi ikampungukia, usingizi ukamtoroka, na hata kukiona chakula kulimchafua roho. Kuanzia mwisho wa mwaka 1861 mgongo ulimwuma sana hata hakuweza kutembea, na kwa miaka kadhaa alibebwa kama mtoto kila alipohamishwa.

Waganga walisema ni moyo, ni mishipa, ni kazi nyingi. Siku hizi wengi walioyachunguza mambo yake waona kwamba yaelekea ilikuwa brusela, ugonjwa ambao wafugaji wetu waujua kwa kuwa huwafanya ng'ombe watupe mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, nao waweza kumkalia miaka mingi, leo nafuu, kesho amelala tena. Vijidudu vyake viligunduliwa na mganga David Bruce huko Malta mwaka 1887, na kwamba hutoka katika maziwa ya mbuzi kulijulikana mwaka 1905. Basi mwaka 1857 hapakuwa na mtu wa kumtajia ugonjwa wake. Wako waliosema kwamba anajisingizia, na hata waandishi wa baadaye wamerudia neno hilo.

Yeye alifanyaje? Alijipimia nguvu kama mjane apimavyo unga wa kibaba wakati wa njaa. Hakupokea wageni wawili kwa pamoja. Aliyetaka kumwona alipewa saa yake, na mara nyingi alikataliwa, hata akiwa mtu mkubwa. Hakwenda karamuni wala mikutanoni. Kazi aliifanya kwa kalamu ya risasi, karatasi zikiwa zimetandazwa kitandani. Dokta John Sutherland alimsaidia miaka mingi, naye alikuwa hasikii vizuri; basi Bibi Florence alipochoka hata kusema, walipelekeana vikaratasi humo humo nyumbani. Barua zake zilizobaki ni maelfu.

Kwa njia hiyo chuo cha wauguzi kilianzishwa kwa jina lake katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Kwa njia hiyo pia alishughulika na afya ya askari wa Uingereza waliokuwa Bara Hindi, ambako katika kila askari 1,000 walikufa 69 kwa mwaka. Aliandika maswali, yakapelekwa katika kambi zote, na majibu yakamjia kwa masanduku. Bara Hindi hakuikanyaga maisha yake yote, lakini alijua kambi ipi ina kisima kibovu.

Kitabu chake juu ya uuguzi kilitolewa alipokuwa tayari mgonjwa, nasi twadhani ndiyo sababu kina mambo ambayo mtu mzima hayawazi. Asema mgeni aketi mahali mgonjwa amwonapo bila kugeuza shingo. Asimsemeshe akiwa anatembea. Watu wasinong'one mlangoni, kwa maana mgonjwa hujikaza kusikia, akachoka zaidi. Tena awaonya wale wamwambiao mgonjwa kwamba atapona tu, au wamleteao kila mmoja dawa yake na shauri lake. Twawaomba akina mama wa Umoja, na sisi wanaume pia, tuyafikirie haya kabla ya kwenda watu kumi chumbani kwa mgonjwa na kukaa hadi jioni.

Hata hivyo hatutaki kumfanya malaika. Mama yake na dada yake walipomjia hali yake ilizidi, akawaweka mbali. Shangazi yake Mai aliacha nyumba yake mwenyewe ili kumtunza. Aliporudi kwa watoto wake mwaka 1860, Florence alimkasirikia karibu miaka 20. La kuhuzunisha zaidi ni habari ya Sidney Herbert. Mafigo yake yalikuwa yanaharibika, akaomba apunguziwe kazi. Florence, ambaye mwenyewe aliumizwa na watu wasiomsadiki, hakumsadiki. Alimhimiza mpaka karibu na mwisho. Herbert alikufa Agosti 1861, akiwa na miaka 50, na miezi michache baadaye ndipo Florence alipopatwa na maumivu yale makali ya mgongo. Kwa maoni yetu, uchovu wa siku nyingi waweza kumfanya mtu aone mzigo wake tu.

Kwa kuwa kanisani hakuweza kwenda, kasisi Benjamin Jowett wa Oxford alikuja kumpa Ushirika Mtakatifu chumbani mwake. Urafiki wao ulidumu mpaka Jowett alipofariki mwaka 1893. Yeye alithubutu kumwambia apumzike, na mara nyingine alisikilizwa.

Tangu mwaka 1880 hivi maumivu yalipungua. Akawa mpole, akapenda kuwaalika wauguzi vijana waje kunywa chai, akiuliza kama wanalala vya kutosha. Paka wake walilala juu ya karatasi zake. Mwanzoni mwa karne mpya macho yake yalizimika, na mwaka 1907 Mfalme Edward alipompa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata, hakuweza kufahamu sawasawa alichopewa. Alifariki usingizini tarehe 13 Agosti 1910. Serikali ilitaka azikwe Westminster Abbey, lakini yeye alikuwa amekataza makuu. Alizikwa East Wellow, kando ya wazazi wake, na jiweni, penye jina lake, pameandikwa herufi mbili tu, F.N., pamoja na miaka ya kuzaliwa na kufa.