Graham Hyslop, mpangaji wa muziki aliyeacha karatasi nyuma ya wimbo wa taifa

Asubuhi ya kupandisha bendera, wanafunzi wa shule za Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi uliojengwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, husimama wima na kuimba wimbo wa taifa. Ni wachache wanaojua kwamba sauti hiyo ilikuwa bembelezi ya watoto wa Kipokomo kando ya Mto Tana, au kwamba miongoni mwa walioipanga upya mwaka wa 1963 alikuwemo Mwingereza, marehemu Graham Hyslop.

Hyslop alikuwa Afisa wa Muziki na Drama wa koloni la Kenya katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1957 zilichapishwa tamthilia zake mbili za Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Wahakiki huzihesabu miongoni mwa tamthilia za awali kabisa kuchapishwa katika lugha hii, jambo ambalo wapenzi wa muziki wake aghalabu hulisahau.

Hata hivyo, urithi wake mkubwa umo katika maandishi ya muziki. Katika jarida la African Music, la chama alichokiasisi Hugh Tracey nchini Afrika Kusini, aliandika mwaka wa 1955 kuhusu uteuzi wa nyimbo za mashindano barani Afrika, kisha mwaka wa 1958 na 1959 kuhusu ala za asili za Kenya. Ala hizo zilirithishwa kwa mkono na sikio. Yeye alizitia katika karatasi. Mwaka wa 1964 alitoa mwongozo wa walimu na viongozi wa kwaya, Since Singing Is So Good a Thing, ambao anwani yake aliiazima kutoka kwa William Byrd, mtunzi wa Uingereza wa karne ya 16. Kitabu chake kuhusu ala za Kenya kilifuata mwaka wa 1975.

Kazi ya wimbo wa taifa aliifanya pamoja na Wakenya na Mganda: George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Haikuwa kazi nyepesi. Sauti ilikuwapo tayari, nayo maneno mapya yalihitajika kwa Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo huo ukipishana na pigo zito la muziki, neno hupotoka masikioni mwa msikilizaji. Isitoshe, wimbo wa mama mmoja na mtoto wake ulipaswa kubeba sauti za kwaya nzima na tarumbeta za bendi. Ulipigwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza ilipoteremshwa.

Mpangaji huandika nota, na anayeandika ndiye anayekumbukwa na karatasi. Sauti ya asili hunasibishwa na Mzee Meza Moroa Galana, Mpokomo ambaye Wakenya wengi hawajapata kulisikia jina lake. Mwaka wa 2021 suala la umiliki lilizuka upya, kampuni moja ya muziki ya Uingereza ilipodai haki juu ya wimbo huo katika YouTube. Wakuu wa hakimiliki nchini walijibu kwamba wimbo huo unalindwa na sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa.